Kibarazani: Hapa Kazi Tu, ya Glasgow

 Toleo lililopita tuliandika juu ya chapati, na mwalimu mmoja akatuambia kwa upole wake kwamba sasa wasomaji wameshiba, tuwape kitu kigumu zaidi. Tumesikia, Mwalimu. Safari hii tunaandika juu ya chuma.

Mambo yalianza kwa simu. Mmoja wetu ana babu yake Bukoba, na kila Jumapili baada ya chakula humpigia kumjulia hali. Kwa kawaida mazungumzo ni yaleyale: shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, baridi inaendeleaje, unakula? Jumapili moja babu akauliza swali jipya: "Hapo Glasgow, Scotstoun ni mbali na unapokaa?"

Mjukuu akanyamaza. Babu hajawahi kupanda ndege, na wapo wanafunzi wenzetu waliozaliwa hapahapa wasioijua Scotstoun. Akamuuliza amelipata wapi jina hilo.

"Kwenye Victoria," babu akajibu. "Fundi wa injini alikuwa jirani yetu. Alituambia meli ilitoka Scotstoun, Glasgow. Nikadhani umeshakwenda kupaangalia."

Hakuwa amekwenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda. Basi Jumamosi iliyofuata tukapanda treni, vituo vichache tu, tukasimama nje ya uzio kuangalia mabanda makubwa ambamo hadi leo zinaundwa meli za kivita. Mlinzi akatuuliza tunatafuta nini. Tukamwambia tunatafuta alikozaliwa meli ya babu. Hakucheka sana.

Babu alikuwa sahihi. MV Victoria iliundwa na kampuni ya Yarrow pale Scotstoun, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa kuwa hakuna njia ya kuipitisha meli kutoka baharini hadi Ziwa Victoria, ilisafirishwa vipandevipande mpaka Mombasa, ikapakiwa kwenye mabehewa ya reli mpaka Kisumu, na huko ikaunganishwa upya na kushuliwa majini. Ilianza kubeba abiria mwaka 1961. Mwaka 2020, baada ya ukarabati mkubwa, ilirudi kazini ikiwa na jina refu zaidi: New Victoria Hapa Kazi Tu.

Jina hilo lilitufanya tucheke, maana tulikuwa tumeshaanza kusoma habari za mto Clyde. Mwaka 1971, miaka kumi tu baada ya Victoria kuanza safari zake, maelfu ya waunda meli wa mto huu waliambiwa waende nyumbani, nao wakajibu kwa vitendo maneno hayohayo matatu: hapa kazi tu. Ila wao hawakuagizwa na mkubwa yeyote. Waliamua wenyewe, kupitia vyama vyao. Tunataka kueleza waliwezaje, na kwa nini ilichukua zaidi ya miaka mia moja kufika hapo.

Tuanze na ribiti. Kabla kuchomelea hakujaenea, mabamba ya chuma ya meli yaliunganishwa kwa ribiti, yaani misumari minene isiyo na ncha, inayopitishwa tunduni ikiwa nyekundu kwa moto na kupondwa upande wa pili kabla haijapoa. Kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Kijana alichochea tanuru na kutoa ribiti kwa koleo. Mshikiliaji alisimama upande wa ndani, akaizuia isirudi nyuma. Nje walisimama wapigaji wawili, mara nyingi mmoja wa mkono wa kulia na mwenziwe mashoto, wakipokezana nyundo. Malipo yalihesabiwa kwa idadi ya ribiti. Mmoja akiumwa, au akiamka na ulevi wa jana, kikosi kizima kilikosa mapato. Watu wa namna hiyo hawakuhitaji kuhubiriwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Chama chao kilikuja kuwa chenye nguvu kuliko vyote katika kazi ya kuunda meli Uingereza: Chama cha Mafundi wa Boila, kilichoanzishwa Manchester mwaka 1834. Jina linashangaza kwa watu wa meli, lakini lina sababu yake. Zamani meli zilikuwa za mbao, na mbao ilikuwa riziki ya maseremala wa meli. Zilipoanza kuundwa kwa chuma katikati ya karne ya 19, waliojua kukunja bamba na kupiga ribiti walikuwa mafundi wa boila za mvuke. Wakahamia kwenye meli pamoja na chama chao, na maseremala wakaona sehemu kubwa ya kazi ikiwatoka mikononi.

Kwa ada aliyotoa, mwanachama alipata msaada akiugua, akikosa kazi, akisafiri kutafuta kazi mji mwingine, na akifa alizikwa kwa heshima. Wakati huo serikali haikuwa na bima ya ugonjwa wala ya kukosa kazi. Msomaji mwenye mama au shangazi aliye kwenye chama cha kufa na kuzikana ataelewa haraka. Hiki kilikuwa chama cha kufa na kuzikana kilichoota meno.

Robert Knight, aliyekuwa katibu mkuu kuanzia mwaka 1871 hadi karibu mwisho wa karne hiyo, alipenda kujadiliana kuliko kugoma. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alijua nguvu yake ilipo. Mwajiri angeweza kumfukuza fundi mmoja, lakini ilikuwa vigumu kumpata wa pili aliye nje ya chama.

Hapa ndipo habari inapochafuka kidogo, na hatutaki kuficha. Nguvu ya namna hiyo hulindwa kwa kufunga mlango. Chama kilidai idadi ya wanagenzi iwe na mpaka, ili ufundi usienee ovyo na mishahara isishuke. Wasaidizi, waliobeba na kuinua mabamba mazito siku nzima, hawakuhesabiwa kuwa mafundi. Mara nyingi walilipwa na fundi mwenyewe badala ya kampuni, kwa hiyo fundi yuleyule aliyemgomea tajiri alikuwa tajiri mdogo kwa msaidizi wake. Hata washikiliaji, ambao bila wao ribiti haiwezi kukaa, walipokelewa chamani kwa kuchelewa. Wanawake hawakuwa na nafasi kwa miaka mingi. Na huku kando ya Clyde, Wakatoliki wenye asili ya Ireland walilalamika kizazi baada ya kizazi kwamba kazi nzuri za ufundi zilikuwa za watu wa kanisa jingine.

Kisha palikuwa na ugomvi wa mipaka. Nani achore mstari kwenye bamba? Nani atoboe tundu? Nani afunge bomba? Kila kazi ilikuwa na chama chake, na vyama viligombana vyenyewe kwa vyenyewe kwa ukali uleule waliokuwa nao kwa waajiri. Kazi ya watu wengi iliweza kusimama kwa sababu ya tundu moja. Waajiri walinung'unika, lakini vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Somo la kwanza la kufungua mlango lilitoka majumbani. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, wafanyakazi walimiminika Govan kwa ajili ya kazi za karakana, na wenye nyumba wakapandisha kodi. Mary Barbour, mke wa mfanyakazi wa karakana ya Fairfield, pamoja na wanawake wenzake wakapanga mgomo wa kodi. Afisa wa kutoa watu nyumbani akionekana, kengele ililia, na wanawake wakatoka jikoni na kujaza ngazi mpaka hakuna pa kupita. Kufikia Novemba, nyumba zipatazo 20,000 zilikuwa zimegoma kulipa nyongeza.

Tarehe 17 Novemba 1915 wapangaji 18 walipelekwa mahakamani. Siku hiyo waunda meli na mafundi wa silaha waliweka zana chini, wakaandamana na wanawake mpaka mlangoni mwa mahakama. Kesi ziliachwa, na kabla ya mwaka kwisha bunge likapitisha sheria ya kuzuia kodi zisipande. Wanaume wenye chama walikuwa wamefuata wanawake wasio na chama, na wote walishinda. Sanamu ya Mary Barbour ipo Govan tangu 2018. Anatembea mbele, na watu wako nyuma yake. Ukienda, mpe salamu zetu.

Sasa tufike 1971. Miaka mitatu kabla yake, karakana tano za sehemu ya juu ya mto zilikuwa zimeunganishwa kuwa kampuni moja, Upper Clyde Shipbuilders: Fairfield ya Govan, Stephen ya Linthouse, Connell na Yarrow za Scotstoun, na John Brown ya Clydebank, ambako meli maarufu ya abiria Queen Elizabeth 2 ilishuliwa mwaka 1967. Yarrow, wale waliounda Victoria ya babu, walijitoa mapema mwaka 1971. Juni mwaka huohuo kampuni iliyobaki iliishiwa fedha, ingawa ilikuwa na meli za kuunda mkononi. Iliiomba serikali pauni milioni 6. Serikali ya Edward Heath ikakataa, na mfilisi akaingia. Kulikuwa na wafanyakazi wapatao 8,500, na mpango ungewaacha karibu 6,000 bila kazi.

Jibu la mazoea lingekuwa mgomo. Lakini ukigoma mahali ambapo mwenye mali mwenyewe anataka kufunga, unamsaidia kugeuza ufunguo. Kujifungia ndani na kusimamisha kila kitu nako kungewapa watawala sababu ya kuleta polisi. Wawakilishi wa wafanyakazi wakaja na njia ya tatu: watu wasitoke. Waendelee kuingia asubuhi na kuunda meli, pamoja na wale waliopewa barua za kuachishwa. Tarehe 30 Julai 1971 wakashika lango, na kuanzia hapo kuingia na kutoka karakana kukawa kwa ruhusa yao.

Tazama majina ya waliokaa meza ya mbele. Jimmy Reid na Jimmy Airlie walikuwa wa chama cha mafundi mitambo. Sammy Gilmore alikuwa fundi umeme. Sammy Barr alikuwa mchomeleaji wa Chama cha Mafundi wa Boila, na hutajwa kuwa mmoja wa waliotoa wazo lenyewe. Hawa ni watu ambao vyama vyao viligombania tundu la bomba kwa miaka nenda miaka rudi. Sasa walikuwa kamati moja, na wasio mafundi walikuwamo pia. Kwa maoni yetu hilo ndilo tukio kubwa kuliko hotuba zote.

Hata hivyo hotuba nazo zilikuwepo. Reid aliwaambia wenzake kwamba hapatakuwa na uhuni, hapatakuwa na uharibifu wa mali na hapatakuwa na ulevi, kwa sababu dunia nzima inawatazama. Wanaoifahamu Glasgow siku ya Ijumaa jioni watajua sharti la tatu lilikuwa zito kiasi gani.

Fedha zilitoka wapi? Waliokuwa bado kwenye orodha ya mishahara walichanga nusu pauni kila wiki, na michango ikaja kutoka vyama vingine na watu wa kawaida ndani na nje ya nchi. Mfuko huo uliwalipa walioachishwa lakini wakaendelea kuingia kazini. John Lennon na Yoko Ono walituma hundi na maua ya waridi. Husimuliwa kwamba hundi ilipotangazwa, mzee mmoja mkomunisti alisikia "Lenin", akasema haiwezekani, huyo alikufa zamani.

Tarehe 18 Agosti watu wapatao 80,000 waliandamana katikati ya Glasgow. Februari 1972 serikali ile iliyokataa milioni 6 ilitangaza pauni milioni 35 kwa ajili ya kampuni mpya ya Govan. Clydebank ilichukuliwa na kampuni ya Kimarekani ya Marathon, iliyotaka kuunda mitambo ya kuchimba mafuta baharini. Oktoba 1972 kamati ikafunga daftari lake. Karakana zote zilizotakiwa kufungwa zilikuwa na kazi.

Hatusemi ulikuwa ushindi kamili. Wengi walikuwa wameondoka njiani kutafuta kazi kwingine, kwa maana nyumba haingoji. Clydebank haiundi meli tena, na leo kreni yake kubwa ya mwaka 1907 imebaki kama kumbukumbu. Lakini Govan bado wanakata chuma, na vivyo hivyo Scotstoun.

Kuna jambo linalowahusu wanafunzi. Mwaka huo wa 1971, lango likiwa bado mikononi mwa wafanyakazi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow walimchagua Jimmy Reid kuwa Rekta, yaani mtu wa kuwasemea kwenye baraza la chuo. Aprili 1972 alitoa hotuba yake ya kwanza kwa cheo hicho, juu ya watu kujiona hawana sauti katika mambo yanayoamua maisha yao. Aliwaambia wanafunzi wasikubali mashindano ya panya, kwa sababu wao si panya. Gazeti la New York Times liliichapa hotuba nzima. Mtu aliyeacha shule akiwa kijana mdogo aliwafundisha wasomi siku hiyo, na wao ndio waliomwita.

Na chama cha wapiga ribiti? Mwaka 1963 kiliungana na maseremala wa meli, wale mahasimu wa karne nzima. Mwaka 1982 kikaungana na chama kikubwa cha wafanyakazi wa kawaida na wa halmashauri, na leo kipo ndani ya GMB, ambacho bado kina wanachama katika karakana za Clyde. Yaani mwishowe fundi alikwenda kuketi mkeka mmoja na msaidizi wake. Ilichukua miaka 148.

Tumeandika haya yote kwa sababu ya jambo lililotupata Desemba iliyopita. Mmoja wetu alifanya kazi kwenye ghala moja nje ya mji. Palikuwa na wafanyakazi wa aina mbili: wa kudumu wenye vizibao vya bluu, na wa wakala wenye vizibao vya njano. Kila zamu ilipokwisha, wa njano walipangwa foleni ya kupekuliwa kwa karibu dakika 20, bila malipo. Mwenzetu akamwendea mwakilishi wa chama cha wa bluu. Akajibiwa kwa adabu: nyinyi ni wa wakala, hilo halituhusu. Wiki iliyofuata hakuitwa tena kazini.

Alipomweleza shangazi yake, shangazi naye alikuwa na lake. "Mwanangu, hela ya wiki umelipwa? Basi kaa kimya. Tumekuja nchi za watu, hapa kazi tu."

Hatumlaumu shangazi. Ameosha sakafu za ofisi za watu kwa miaka 17 na kutusomesha nusu ya sisi tuliomo kwenye safu hii. Lakini tulipoweka maneno yake kando ya maneno ya mwaka 1971 tuliona ni yaleyale, na maana zake zimepishana kabisa. Shangazi anamaanisha: fanya kazi, usiulize. Wale wa Clyde walimaanisha: kazi hii ni yetu, tunaijua kuliko anayetaka kuifunga, na hatuondoki. Tofauti ya maana hizo mbili ni idadi ya watu wanaosema kwa pamoja. Mwenzetu alikuwa peke yake. Na sisi wa njano, tuseme kweli, hatukuwa wamoja: Waswahili kona yao, Wapolandi kona yao, kila mtu na sanduku lake la chakula. Hatukuhitaji tajiri wa kututenganisha.

Kwa hiyo tuna ombi moja kwa wanachama wanaofanya kazi za muda, na tunajua mko wengi. Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya mazungumzo ya kawaida ya klabu, tutakaa nusu saa kulinganisha mikataba yetu. Njoo na karatasi yako. Tumemwalika pia mtu wa chama cha wafanyakazi aeleze nani anaruhusiwa kujiunga, wa wakala wakiwemo. Chai ipo. Shangazi ameahidi kuleta maandazi, na anasema atakaa asikilize.

Maneno ya toleo hili: Rasimu yetu ya kwanza iliandika "kujenga meli". Mwalimu wetu mzaliwa wa Lamu akapiga mstari mwekundu: nyumba hujengwa, chombo huundwa. Kikikamilika hushuliwa, yaani huteremshwa majini kwa mara ya kwanza. Uti wake wa chini ni mkuku, na mbavu zake ni mataruma. Anayejifunza kazi kwa fundi ni mwanagenzi. Mfilisi ni yule anayekuja kugawa mali ya kampuni iliyoanguka. Neno moja limetushinda: mgomo ule wa kuingia kazini badala ya kutoka, tuuiteje? Mmoja wetu anapendekeza "mgomo wa kutotoka". Mwingine anasema neno lipo tayari, limeandikwa kwenye meli. Tuleteeni la kwenu, nasi tutalichapa toleo lijalo.

Babu tulimpigia tena. Tulimwambia tumepaona Scotstoun, na mabanda bado yapo. Akafurahi, kisha akauliza kama mjukuu wake anakula.